Mashine za gemu za zamani: kipi hudumu, kipi hufa, na kipi kiokolewe kwanza



Kila ukikaribia wakati wa likizo ya kiangazi, jamaa zangu wa Maskati na Dubai hunipigia simu na swali lile lile. Wanasafisha stoo, wamekuta katoni lenye mashine ya gemu waliyochezea watoto wao miaka ya 1990, na watoto hao leo ni baba na mama wa watu. Wanauliza: itupwe, iuzwe, au wapewe wajukuu? Wengine wameambiwa kwamba mashine za zamani hazifi kamwe, na wamo mbioni kutoa riali nyingi kununua nyingine kwa mtu wasiyemjua. Nimeona bora niandike jibu mara moja, lisomwe na wote.

Mimi si fundi. Nilisoma shule ya misheni mkoani Tanga, nikafundishwa kushika daftari la mali lisilo na kufutafuta, na kazi ya ukarani wa ghala ndiyo niliyoifanya maisha yangu yote, miaka mingi katika hiyo nikiwa Ruwi. Sasa nimestaafu na naishi Johannesburg kwa binti yangu, katika mtaa wa Marshalltown. Karibu na jengo letu pana kiduka cha fundi, kijana wa kwetu Tanga, anayetengeneza simu, redio na mashine za gemu. Jioni nyingi huzimalizia kwenye benchi lake. Yeye ana mikono, mimi nina kalamu, na daftari lake la kazi nalishika mimi. Haya ninayoyaandika nimeyaona yakifunguliwa kwa bisibisi.

Wengi wenu jina la Marshalltown mlilisikia kwa msiba. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso liliwaka moto humu mtaani, wakafa watu zaidi ya 70, wakiwemo Watanzania na Wamalawi. Mungu awarehemu. Kabla ya hapo mtaa huu ulijulikana kwa makampuni ya dhahabu, iliyogunduliwa hapa mwaka 1886, na kwa ofisi ya uwakili ya Mandela na Tambo, waliyoifungua mwaka 1952 katika jengo la Chancellor House. Leo ni mtaa wa watu wa kila nchi, na Kiswahili utakisikia cha Tanga, cha Unguja na cha Kongo. Watu wengi hapa hawana fedha ya kununua kipya kila kitu kikiharibika, na ndiyo maana kazi ya ufundi ingali hai.

Sifa ya za kale ni nusu ya ukweli

Tuanze na ule msemo kwamba vya zamani vilikuwa imara kuliko vya leo. Una ukweli, lakini una mtego pia. Mashine mbovu za mwaka 1985 zilikwisha kutupwa zamani, na hakuna anayezikumbuka. Tunazoziona leo ni zile zilizosalia, nasi twazihesabu hizo peke yake na kusema zote zilikuwa hivyo. Ni sawa na kuona nyumba tatu za mawe zilizobaki mjini na kudhani kila nyumba ya wakati ule ilikuwa ya mawe.

Hata hivyo yapo ya kusifiwa. Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983, na kampuni yenyewe iliendelea kupokea mashine hizo kwa matengenezo mpaka tarehe 31 Oktoba 2007. Hiyo ni miaka 24. Wengine mtakumbuka Vita vya Ghuba vya mwaka 1991: Game Boy moja iliungua katika kambi ya wanajeshi iliyopigwa bomu, ganda lake likayeyuka, na bado ilicheza. Kwa miaka mingi ilionyeshwa katika duka la Nintendo mjini New York, ikiwa imewashwa.

Kwa nini hiyo ilisalimika, na nyingine iliyofungiwa kabatini kwa heshima ikafa? Jibu ni kwamba mashine haifi yote kwa pamoja. Hufa kiungo kimoja, na kila kiungo kina umri wake. Kwa hiyo daftari la fundi nililigawa kwa viungo, wala si kwa majina ya makampuni.

Ukurasa wa kwanza: chipu na kaseti

Hiki ndicho kiungo chenye umri mrefu. Kaseti ya gemu ya Nintendo au ya Sega Mega Drive ndani yake ina chipu ambayo gemu limechongwa humo humo kiwandani, halifutiki. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosuguana. Kaseti ya miaka 35 ikikataa kuwaka, aghalabu chipu ni nzima. Kilichoharibika ni ile safu ya meno ya shaba inayoingia kwenye mashine, ambayo imeota kutu au imeshika uchafu.

Hapa nawaombeni msamaha vijana wa zamani, maana mtaambiwa mlichokuwa mkifanya. Kupuliza kaseti kwa mdomo hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, maana meno yalipata mahali pengine pa kugusana. Pumzi ya mdomo ina unyevu, na unyevu hulisha kutu. Nintendo wenyewe walikataza. Dawa ni pamba kidogo na spirti safi, kusugua meno taratibu, na kuacha yakauke kabla ya kuingiza.

Mashine ya NES iliyouzwa Marekani na Ulaya ilikuwa na udhaifu wa peke yake: kaseti iliingizwa kwa mbele kisha ikabonyezwa chini, na soketi ya ndani ililegea baada ya miaka. Taa ikawa inawaka na kuzima. Watu wengi walidhani mashine imekufa, kumbe ni soketi tu, nayo hubadilishwa kwa bei nafuu.

Ukurasa wa pili: kapasita

Juu ya bodi ya kila mashine mna vikopo vidogo vya alumini vinavyoitwa kapasita. Kazi yake ni kuweka umeme kidogo na kuutuliza, kama mtungi wa nyumbani unavyosaidia pale maji ya bomba yanapokuja kwa kusuasua. Ndani ya vikopo hivyo mna umajimaji. Kwa miaka mingi umajimaji huo hukauka, au huvuja na kula njia za shaba za bodi.

Mashine ya mkononi ya Sega iitwayo Game Gear, ya mwaka 1990, ina sifa mbaya kwa jambo hili: karibu kila inayoletwa benchini ina skrini hafifu au haina sauti, na sababu ni kapasita. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, katika matoleo yake mengi ina kapasita moja ya saa ambayo huvuja hata kama mashine haikuguswa. Hiyo ndiyo inayoua mashine iliyotunzwa kabatini. Mwenyewe anasema, "Haijachezewa hata kidogo," na kutu inaendelea kula bodi gizani.

Mafundi wana kanuni wanayoitumia: kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita ya namna hii hupungua kwa nusu. Kumbukeni kanuni hiyo, nitairudia nikifika kwenye stoo zenu.

Ukurasa wa tatu: vinavyozunguka

Mwezi Desemba 1994 Sony walitoa PlayStation, na gemu likahama kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye diski. Diski hubeba mengi kwa bei ndogo, lakini lazima pawe na mota ya kuizungusha na jicho la leza la kuisoma, likitembea juu ya reli. Mashine za kwanza zilikuwa na reli ya plastiki, karibu na sehemu ya umeme inayopata moto. Plastiki ikalika, jicho likakaa upande. Ndiyo maana mliwaona watoto wakiigeuza PlayStation kichwa chini miguu juu ndipo ikubali kusoma. Hawakuwa wakifanya mzaha. Walikuwa wakilirudisha jicho mahali pake.

Kwenye daftari letu, PlayStation ya kwanza na ya pili hurudi kwa sababu ya jicho la leza kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Habari njema ni kwamba hubadilishwa. Habari mbaya ni kwamba majicho mapya ya kweli hayatengenezwi tena kama zamani, na yanayouzwa mengi ni ya kuiga.

Ukurasa wa nne: joto na lehemu

Mashine za baadaye zilipata nguvu nyingi, na nguvu huleta moto. Mfano unaojulikana duniani kote ni Xbox 360 ya mwaka 2005. Zikaanza kufa kwa wingi, zikionyesha taa nyekundu tatu. Mwezi Julai 2007 Microsoft walitangaza kuongeza dhamana ya kosa hilo mpaka miaka 3, jambo lililowagharimu zaidi ya dola bilioni 1. Baadaye walieleza chanzo: viungio vidogo vilivyo ndani ya kifurushi cha chipu vilikuwa vikipanuka kwa moto na kunywea kwa baridi, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa, mpaka vikapasuka.

Tazameni basi. Mashine ya mwaka 1983 ina gemu dogo, lakini haipati moto wa kuweza kujiua. Ya mwaka 2005 ina gemu kubwa, na moto wake mwenyewe ndio adui. Yule anayesema za kale ni imara kuliko mpya angesema kweli zaidi kama angesema: iliyo nyepesi hudumu kuliko iliyobebeshwa mzigo mzito.

Ukurasa wa tano: umeme wa ukutani

Ukurasa huu ndio uliojaa kuliko zote hapa Johannesburg. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilikuwa na mgao wa umeme kwa siku zaidi ya 300. Umeme ukikatika haudhuru sana. Ukirudi hurudi kwa kishindo, na adapta dhaifu haivumilii. Ongeza radi za hapa nyanda za juu wakati wa kiangazi.

Wanaoumia zaidi ni wenye mashine za kuiga Famicom, zilizojaa Afrika na Asia kwa majina mengi. Hapa Afrika Kusini iliyovuma iliitwa Golden China. Za mwanzo zilikuwa na chipu kadhaa na fundi aliweza kuzitengeneza. Za baadaye zimeweka kila kitu katika chipu moja iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Ikifa hiyo, hakuna cha kufungua. Kijana wetu huirudisha kwa mwenyewe bila kumtoza kitu.

Nyinyi wa Ghuba umeme wenu umetulia, lakini hatari yenu ni nyingine: mnanunua kutoka kila pembe ya dunia. Mashine ya Japani inataka volti 100, ya Marekani volti 120, na ukuta wa Oman unatoa 240. Ukichomeka bila transfoma, adapta inaungua pale pale. Tena iko hatari iliyojificha. Adapta ya asili ya NES hutoa umeme wa AC, na Famicom na Mega Drive zinataka wa DC, hali kichwa cha waya kinaingia bila taabu. Kuingia siyo kufaa. Someni maandishi ya mgongoni mwa adapta: volti, aina ya umeme, na upande gani ni chanya na upi ni hasi. Mashine iliyotoka huku Afrika Kusini itawafaa kwa volti, maana hapa ni 230. Plagi yake tu ndiyo yenye miguu mitatu minene ya mviringo, nanyi mtaibadilisha.

Betri, na kile kisichonunuliwa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kaseti nyingi za zamani, khasa zile za hadithi ndefu ambazo mtu huchezea kwa miezi, zina betri ndogo bapa mfano wa sarafu. Betri hiyo haihusiki na gemu lenyewe. Inalinda kumbukumbu: jina alilojiandikisha mchezaji, mahali alipofika, alama zake. Betri ikiisha, gemu litawaka kama kawaida, lakini kumbukumbu imekwenda, wala hairudi. Zile kaseti za Pokémon za Game Boy zenye saa ndani, za kuanzia mwaka 1999, humaliza betri mapema zaidi. Sega Saturn nayo ina betri ndani ya mashine, na kumbukumbu yake hufuata njia hiyo hiyo. Kadi za kumbukumbu za PlayStation hazitegemei betri, kwa hiyo hizo zina nafuu.

Alikuja mama mmoja hapa, mzaliwa wa Unguja, na kaseti ya Game Boy. Ilikuwa ya mdogo wake, aliyefariki akiwa kijana. Alisikia kwamba betri za kaseti hizi hubadilishwa, akataka ibadilishwe kabla haijafa. Fundi hakushika chuma cha kulehemia. Alimwuliza kwanza:

"Mama, unataka kaseti ifanye kazi, au unataka kilichomo ndani?"

Mama akanyamaza, kisha akasema, "Nataka jina lake."

Ukiondoa betri ya zamani kuweka mpya, kumbukumbu hufutika hapo hapo. Fundi asiyeuliza angeifuta kwa nia njema na kutoa risiti. Lakini kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta na kusoma kaseti. Kijana aliichukua kumbukumbu akaiweka kwenye kompyuta, akampa mama nakala katika flashi, akabadilisha betri, kisha akairudisha kumbukumbu kwenye kaseti. Ikawashwa, jina likawa pale, na saa alizocheza zimehesabiwa. Mama aliitazama skrini ile ndogo muda mrefu. Mimi niliandika kwenye daftari: betri 1, kazi imekwisha.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mashine itapatikana nyingine. Ile alama aliyoiacha mtu ndani yake haiuzwi popote.

Stoo zenu za Ghuba

Sasa nairudia ile kanuni ya nyuzi 10. Familia nyingi hufunga nyumba majira ya joto na kuja Zanzibar, Tanga au Mombasa. Viyoyozi huzimwa. Stoo ya juu karibu na paa hupikika miezi mitatu. Kapasita zinazeeka humo kwa kasi kuliko kama mashine ingechezewa kila siku sebuleni. Pwani pana unyevu wenye chumvi, na huo hula meno ya kaseti. Huku Johannesburg, mita 1,750 juu ya bahari, hewa ni kavu na kutu ni kidogo. Wenzenu wa Matrah na Sur hawana bahati hiyo.

Humo stooni msitafute za Kijapani na za Kimarekani peke yake. Miaka ya 1980 kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliuza kompyuta za Sakhr, za mtindo wa MSX, zilizoandika Kiarabu na kupokea kaseti za gemu. Watoto wengi wa Ghuba walijifunza kompyuta kwa hizo. Mkiikuta, hiyo ni sehemu ya historia ya nchi mnazoishi, msiipeleke jalalani.

Duka lililofungwa mbali

Mtaniuliza: basi tununue mpya, tuepukane na kutu? Sikatazi. Lakini mashine za leo zina kiungo cha sita ambacho fundi hawezi kukifungua, nacho ni duka la intaneti. Nintendo walifunga mauzo ya duka la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Microsoft walifunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Gemu lililouzwa humo tu, ambalo hukulinunua kabla, hulipati tena kwa njia ya halali. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazimo sokoni. Kaseti iliyo mkononi mwako haiombi ruhusa ya mtu.

La kufanya, kwa utaratibu

Kwanza, msiwashe mashine iliyolala miaka mingi kabla ya kukagua adapta na waya.

Pili, ondoeni betri za kawaida zilizosahauliwa ndani ya Game Boy na pedi. Kifaa chenye betri ya kuchaji iliyovimba, kama PSP, msikichaji na msiitoboe. Ipelekwe kwa fundi.

Tatu, wasiliana na mwenye mashine kabla ya yote, huyo aliyekuwa mtoto. Muulizeni kama kuna kumbukumbu anayoitaka. Kama ipo, ichukuliwe nakala kwanza, matengenezo baadaye.

Nne, kama ni Game Gear au Xbox ya kwanza, kapasita zitazamwe hata kama inawaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, iwekwe ndani ya nyumba, mbali na paa na jua, katika boksi lililofungwa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Iwashwe walau mara moja kwa mwaka.

Sita, kwa anayenunua: usilipe kwa picha ya mashine iliyozimwa. Itake video ikiwaka, ikisoma gemu, na uulize adapta ni ya volti ngapi.

Saba, andikeni. Karatasi moja ndani ya boksi: mashine ya nani, ilinunuliwa wapi, imetengenezwa lini, betri imebadilishwa mwaka gani. Mjukuu atakayelifungua boksi hilo mwaka 2050 hatamkuta mtu wa kumwuliza, lakini karatasi ataikuta.